Hewa ya Mlimani na Mtoto Anayehema

Sisi wa Rungwe hujisifu kwa hewa yetu. Tukuyu iko juu, mita zaidi ya 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mgeni atokaye pwani husema, "Hapa mtu anapumua kweli." Ndiyo maana bibi mmoja wa jamaa yetu alishangaa alipomwona mjukuu wake, mgonjwa wa nimonia, amewekewa mpira wa oksijeni puani. Akaniuliza, "Mwanangu, hewa imejaa huko nje. Ya nini kumpa nyingine?"

Swali lake ni la akili, nami nililitafutia jibu.

Hewa ya nje haimfai mtu isipofika katika damu. Katika nimonia vifuko vidogo vya mapafu hujaa majimaji na usaha, na oksijeni hukosa njia. Hapo chembe hai za mwili huanza kuona njaa. Lakini Muumba hakuziacha bila msaada. Mwaka 2019 William Kaelin na Gregg Semenza wa Marekani, pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi chembe zinavyotambua upungufu huo. Ndani yake imo protini iitwayo HIF. Oksijeni ikiwa tele, protini hiyo huvunjwa upesi. Ikipungua, hubaki na kuamsha kazi mpya. Figo hutoa ujumbe ili chembe nyekundu za damu ziongezwe. Nazo chembe nyeupe, askari wa mwili, huweza kuishi na kupigana na vijidudu mahali palipovimba, ambapo oksijeni ni haba.

Hata hivyo, askari wakikawia mno huharibu shamba walilotumwa kulinda. Chembe hizo zisipoondoka kwa wakati wake, uvimbe huzidi na kuliumiza pafu lenyewe. Basi mwili una akili, lakini nguvu zake zina mwisho. Oksijeni ya hospitali humshikilia mtoto wakati dawa ikiua vijidudu. Ndivyo alivyosaidiwa mtoto yule, akapona.

Wazazi wenzangu, mtoto akikohoa, mfunueni kifua akiwa ametulia, mhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 12 akifikia pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikia 40, mpelekeni kwa mganga wa zahanati siku ile ile. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, midomo ikigeuka rangi ya buluu, au akishindwa kunyonya, msingoje kupambazuke. Wala msimfungie jikoni penye moshi ati apate joto, kwa maana moshi huyaumiza mapafu yaliyokwisha kuelemewa.

Kumwombea mtoto ni wajibu wetu. Kumbeba mgongoni hadi hospitali, hata mvua ikinyesha, ni sehemu ya sala hiyo hiyo.