Kilio cha mgonjwa

Sisi tunaozoea kutembelea wagonjwa twaona jambo hili mara nyingi: watu wawili wana vidonda vya namna moja, mmoja analia, mwenzake amenyamaza. Basi wanaoketi karibu hukata hukumu papo hapo: «Huyu ni mwoga, yule ndiye mwanaume.» Kwa mwanamke anayezaa ni vibaya zaidi. Akipiga kelele, mama mkwe aona haya mbele ya majirani!

Lakini maumivu hayapimwi kama kitambaa dukani. Kidonda kiko mguuni, ila uchungu hutambulika katika ubongo. Mishipa ya fahamu hupeleka habari huko, na njiani habari hiyo yaweza kuongezeka au kupungua. Mwaka wa 1965 wataalamu Melzack na Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo mna kitu kama mlango, ambao pengine huachwa wazi, pengine husukumwa nusu. Ndiyo sababu mtoto aliyejikwaa husugua kidole chake, akapata nafuu. Woga nao huzidisha uchungu.

Wakati wa vita, mwaka wa 1944, daktari Beecher wa Marekani aliwauliza askari walioumizwa vibaya huko Italia kama wanataka dawa ya kutuliza maumivu. Wengi walikataa. Raia waliopasuliwa hospitalini waliitaka zaidi. Je, raia ni waoga? Beecher aliona sababu nyingine: kwa askari, jeraha lilikuwa ruhusa ya kutoka vitani akiwa hai, kwa raia lilikuwa mwanzo wa taabu.

Tena wako waliozaliwa bila kusikia maumivu hata kidogo. Habari za jamaa kadhaa za namna hiyo, wa kaskazini ya Pakistan, zilitangazwa mwaka wa 2006. Mtoto mmoja alikuwa akijichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa, watu wakimtazama. Alikufa kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya nyumba. Kwetu angesifiwa kuwa shujaa, kumbe hakuwa na la kuvumilia.

Anayetutia wasiwasi sisi ni yule aliye kimya. Huenda aumia kuliko mwenye kulia, ila tangu utoto amefundishwa kufunga kinywa, na mwenye kugawa dawa humpita. Tukifika kwake twamwuliza: wapi, tangu lini, usiku unalala? Wengi hutazama kwanza kama kuna mkwe mlangoni, ndipo hujibu.