Mpwa Wangu na Mtihani Ulioahirishwa



Baadhi ya mama zetu wasomaji wameniletea salamu na suali: je, ni kweli kwamba katika nyumba ya sheikh, huku Banissa, mna msichana afunzaye watu kurusha ndege? Ni kweli. Ni binti wa dada yangu. Kwa kuwa habari ikipita midomo mingi hubadilika sura, nimeona heri niieleze mwenyewe, khususan ile miezi ya mwaka 2020 alipokuwa akingoja mtihani wake wa ualimu wa urubani, na mtihani ukawa kila ukikaribia huondoka.

Kwanza yafaa ifahamike mtihani wenyewe ni wa nini. Kuwa rubani ni jambo moja. Kanuni za kimataifa humtaka mtu awe na saa 200 za kuruka, au 150 akiwa amesoma kozi iliyoidhinishwa, kabla ya kupewa leseni ya urubani wa kazi. Hayo mpwa wangu alikuwa ameyamaliza Nairobi, uwanja wa Wilson. Ualimu ni mlango mwingine. Mwenye kuutaka humkabili mtahini aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, akaulizwa maswali, akasomesha mbele ya ubao, kisha akapaa naye na kumfunza kana kwamba yule mtahini hajapata kuiona ndege maishani mwake. Mimi niliyesomeshwa madrasa za Lamu niliufahamu mara moja: hii ni ijaza. Katika elimu yetu mtu aweza kuhifadhi kitabu kizima, lakini hakai mbele ya wanafunzi mpaka mwalimu wake amshuhudie na kumruhusu.

Mtihani ulikuwa uwe wiki ya kwanza ya Aprili 2020. Wasomaji wanakumbuka yaliyotokea. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi, shule zikafungwa, na tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Shule ya urubani nayo ikafunga milango. Dada yangu akampigia simu bintiye arudi nyumbani, naye akapanda basi siku chache kabla ya Nairobi kufungwa tarehe 6 Aprili. Tarehe 22 kaunti yetu ya Mandera nayo ikafungwa, asitoke mtu wala asiingie. Basi akawa nasi, na sanduku la vitabu, hana tarehe ya mtihani wala njia ya kuurudia.

Lililomuumiza zaidi lilikuwa mkono. Elimu ya urubani haikai kichwani peke yake. Rubani akipitisha siku 90 bila kuruka haruhusiwi kubeba abiria mpaka aruke na kutua mara tatu tena. Kila saa ya kujirudisha katika hali yake hulipiwa, na fedha za saa zile ni nyingi. Dada yangu ni mjane. Masomo yale yalilipwa kwa ngamia, kwa michango ya jamaa, na kwa dhahabu yake mwenyewe ya harusi. Na kulikuwa na watu, Allah atusamehe sote, waliosema wazi kwamba korona ni ishara: binti aolewe, mambo yaishe. Posa ilikuwako. Kijana mwenyewe hana kasoro, ila jamaa zake walitaka jawabu kabla ya Idi.

Ramadhani ikaingia mwisho wa Aprili, misikiti imefungwa, chuo changu cha watoto kitupu. Usiku mmoja baada ya tarawehe, tuliyoswali nyumbani, mpwa wangu akaniambia, "Abti," yaani mjomba kwa lugha yetu, "ule ubao wa chuoni haufanyi kazi. Niazime. Nawe uwe mwanafunzi wangu."

Nikakubali. Akaanza na somo la bawa kupoteza uwezo wa kubeba ndege. Akachora, akaandika, akasema nusu saa pasi na kupumzika. Nilipoulizwa nimefahamu nini nikamwambia, "Umesema kweli yote, mwanangu, na sikushika hata moja." Alikasirika. Akaenda kulala bila kuaga, jambo ambalo si tabia yake.

Usiku wa pili nikamkumbusha talqini: namna mwalimu wa Qur'ani asemavyo neno moja, mtoto akalirudia, akasahihishwa, ndipo lije la pili. Mwalimu hammiminii mtoto sura nzima. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema kwamba hata vitabu vyake vyaamuru hivyo: mwalimu aonyeshe, mwanafunzi afuate mikono yake juu ya usukani, kisha aachiwe afanye mwenyewe. Alikuwa amelisoma lile jambo bila kulitumia.

Akaanza upya. Akaniuliza, "Abti, ndege ikiacha kubebwa na hewa, wadhani kimeharibika nini?" Nikasema injini imezima. "La. Injini yaweza kuwa inanguruma. Ni rubani ameinua pua ya ndege kupita kiasi." Akachukua sahani bapa akaiinamisha mbele ya uso wangu. Upepo hupita juu ya bawa kwa utulivu maadamu bawa limeinuka kidogo. Likizidi kiasi cha nyuzi 15 hivi, kwa ndege ndogo nyingi, upepo hujitenga na mgongo wa bawa na kuvurugika, na mzigo wote hukosa wa kuubeba. Ndege huanza kuzama. Mtu mwenye hofu atafanya nini? Atavuta usukani ainue pua zaidi, na hapo ndipo huangamia. Dawa yake ni kuisukuma pua chini, kuelekea ile ardhi unayoiogopa, mpaka upepo urudi kulishika bawa, kisha uongeze nguvu ya injini na kupanda taratibu. Nililielewa. Mke wangu aliyekuwa akiosha vyombo alilielewa pia, akauliza kwa nini basi wasiwaambie abiria.

Kisha likaja suala la kiti. Mwanafunzi hukaa kushoto, mwalimu kulia, na kwa hivyo kila kitu kwa mwalimu hugeuka: mkono uliozoea usukani sasa washika nguvu ya injini, na ule mwingine washika usukani. Tukapanga viti viwili barazani. Mfuniko wa sufuria ukawa usukani, mwiko ukawa kishikio cha injini. Kila usiku, kabla ya daku, alikaa pale kulia akiizoeza mikono yake huku akisema kwa sauti anachofanya. Watoto wa jirani, waliokwisha kuona ndege ndogo tangu nzige walipoingia nchini kupitia upande wetu mwishoni mwa Disemba 2019, walipanga foleni wakae kushoto. Nao walimfaa kuliko mimi. Mtoto hujishika usukani kwa nguvu zake zote wala haachi. Hapo ndipo mwalimu husema neno moja, "Nimeshika," na mwanafunzi ni lazima aachie. Kujua ni lini useme neno hilo, aliniambia, ndiyo kazi yote: ukiwahi, mwanafunzi hajifunzi kitu, na ukichelewa hakuna wa kusimulia.

Nami nikampa changu, kisa cha Abbas ibn Firnas wa Andalus, aliyefariki mwaka 887. Al-Maqqari asimulia kwamba alijivika manyoya na mabawa, akapaa masafa, kisha akaumia mgongo alipotua kwa sababu hakujifanyia mkia. Mpwa wangu akakiandika daftarini, akasema atakitumia kwa somo la kutua.

Sasa niseme juu ya lile ambalo mama zetu wameliuliza kwa adabu na wengine bila adabu: binti wa Kiislamu na mwanafunzi mwanamume katika chombo chenye viti viwili. Nililipeleka kwa masheikh wenzangu, wakakhitilafiana, na sitamlazimisha mtu rai yangu. Mimi niliona kwamba chombo kile ni kioo kila upande, walio chini wakiona na kusema nao kwa redio. Nikamwekea masharti ya mavazi, ya mlango wa darasa kuwa wazi, na ya kutanguliza wanafunzi wa kike kila awezapo. Dada yangu hakungoja rai ya mtu. Yeye aliwaona wanawake wa huku wakichukuliwa kwa ndege ya madaktari wakati wa uzazi mgumu. Ameona pia njia ya Mandera baada ya Novemba 2014, basi lilipotekwa na watu 28 kuuawa, na walimu wengi wa shule wakahama. Walioondoka salama waliondoka kwa ndege. Alisema tu, "Na aliyemfunza yule rubani, hakuwa mtu?" Mama mwengine akamtajia Asli Hassan Abade, rubani wa kwanza mwanamke wa Kisomali, aliyeruka katika jeshi la anga la Somalia. Maneno yakapungua, ingawa hayakwisha.

Tarehe 7 Julai njia zikafunguliwa, akasafiri. Tukadhani kazi imekwisha. Lakini Julai ya Nairobi ni mwezi wa baridi na mawingu ya chini yasiyoondoka mpaka adhuhuri, na mtihani wa kuruka wataka kuona mbali. Siku ya kwanza mawingu. Siku ya pili ndege ilikuwa imefikia saa zake za ukaguzi, ikaingia karakana. Tarehe ya tatu mtahini hakupatikana. Dada yangu akauza ngamia mwingine, jike, ili binti apate saa za mazoezi asipoteze mkono tena. Jamaa za yule kijana walipouliza jawabu, akawaambia wamuulize mwenyewe akimaliza. Kijana akangoja. Mimi niliandika hilo katika hesabu yake njema.

Mtihani ulifanyika Septemba. Hakuulizwa lile somo la bawa tulilolikesha Ramadhani nzima. Aliambiwa afunze kugeuka huku ndege ikipanda, somo ambalo hatukuligusa kabisa barazani. Huko juu mtahini akajifanya mwanafunzi mwenye woga, akaung'ang'ania usukani kama wale watoto wa jirani. Mpwa wangu akasema, "Nimeshika," mara moja, kwa sauti ya kawaida, na yule mzee akaachia.

Alinipigia simu baada ya swala ya alasiri. Aliniambia amepasi, kisha akauliza kama ubao wa chuo ulipigwa rangi, maana aliubabua kwa sabuni. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa msichana kutoka Kisumu, mfupi, aliyelazimika kuwekewa mto kitini ili aone nje.