Barua kwa mpwa wangu anayetaka kushuka Kisangani

Kindu, Kasuku

Mpwa wangu,



Nimesikia, tena kwa watu wa Alunguli ng'ambo ya mto, kwamba unatafuta nafasi mtumbwini hadi Ubundu, upande garimoshi la Kisangani ukaingie orkestra. Wanasema umemwacha mwalimu wa korali kwa kuwa alikunyima solo ya gitaa mpaka uijue akodi ya sol 7. Ni kweli?

Mwalimu hakukuonea. Sol 7 hushikwa hivi. Kidole cha pete kwenye uzi mnene, nafasi ya tatu. Cha kati uzi unaofuata, nafasi ya pili. Shahada uzi mwembamba, nafasi ya kwanza. Vidole vitauma, vizoeze. Humo mna sol, si, re na fa. Si inataka kupanda do, fa inataka kushuka mi. Ndiyo maana sikio halitulii mpaka urudi do: sol 7 ni ya kupita tu.

Palikuwa na kijana hapa Kasuku, vidole vyepesi, solo yake iliwainua hata wazee. Kwenye ndoa moja akafika sol 7 mwisho wa wimbo, akaiona tamu, akaishia hapo. Akainama apigiwe makofi. Kimya. Bwana arusi mguu juu, anangoja. Mwimbaji mdomo wazi. Mzee wa besi akapiga do peke yake, watu wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo wakamwita Bado. "Bado anapita!" Jina lilimganda mpaka akaacha gitaa.

Kisangani watakuita nani?

Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alipiga nyuzi kwa gumba na shahada tu. Vidole viwili hivyo, si haraka, ndivyo vilivyomjengea jina.

Korali hiyo unayoidharau, sauti zake nilizipanga mimi.

Usikope nauli. Usilale bandarini na gitaa. Usisafiri bila kumuaga mama yako.

Jumamosi nenda kwa mwalimu, umwombe radhi. Siku utakayotoka sol 7 ukaingia do bila kutazama vidole, njoo kwangu: nauli ya Kisangani nitatoa mimi.

Mjomba wako