Tuoge Hewa ya Miti, Tupunguze Mawazo



Mwezi uliopita darasa la sita lilitushinda. Watoto walikuwa wanagombana kila saa, wengine wanalala darasani, na sisi walimu tunapiga kelele kuliko wao. Mtihani unakaribia, mgao umepungua, na nyumbani wanasikia wazazi wakibishana habari ya kurudi au kubaki. Kila mtu ana mawazo.

Mwenzetu mmoja alikuwa amesoma habari za Japani. Kule watu wa mjini wanafanya kazi mpaka usiku na kusongamana kwenye treni, nao mawazo yanawasumbua. Mwaka 1982 Idara ya Misitu ya nchi hiyo ilianza kuwahimiza waende msituni kupumzika tu. Wanaita shinrin-yoku, yaani kuoga msitu. Si kuoga maji. Unatembea polepole, unanusa, unasikiliza ndege, hukati kitu.

Tulicheka sana. Kwenda porini bila panga wala kamba ya kuni, nani atakuelewa?

Lakini wataalamu walipima. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2010, watu 280 walipimwa katika misitu 24 ya Japani na pia mijini. Walikaa wakitazama na kutembea, kama robo saa hivi. Msituni moyo ulipiga taratibu zaidi, presha ilikuwa chini, na kotiso, homoni ambayo mwili unaitoa tukiwa na wasiwasi, ilikuwa chini kuliko mjini.

Basi tukawaambia watoto kwamba Ijumaa tutawapeleka kwenye miti iliyo pembeni ya kambi. Kesho yake mama mmoja akaja shuleni. Akasema, "Mwalimu, mwanangu haendi msituni. Mimi msitu naujua."

Hakugomba. Alitueleza kwamba mwaka 1998, akiwa msichana, walipita misitu ya Itombwe siku nyingi, wakilala bila moto ili wasionekane. Mdogo wake alibaki huko, walimzika njiani. Na hata hapa aliwahi kukimbizwa akitafuta kuni.

Tulikosa la kusema. Wengi wetu tumezaliwa hapa kambini. Tulisahau kwamba neno msitu halina maana moja kwa kila mtu. Tukamwomba msamaha, kisha tukamuuliza, "Mama, wewe unapumzikia wapi?" Akafikiri kidogo. "Pale kwenye mwembe, karibu na bomba, watu wakishaondoka."

Hatukwenda mbali tena. Ijumaa tulikaa na watoto chini ya mwembe ule, robo saa, bila daftari. Mwanzo walisukumana na kuchekana. Halafu wakanyamaza. Mmoja akasema, "Mwalimu, majani yanalia kama mvua." Yule mama alikuwepo, amekaa kwenye mzizi na ndoo yake, na hakuwa na haraka ya kuondoka.

Mwembe mmoja si msitu, tunajua. Lakini mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka hospitali mapema, na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Hao hawakuingia msituni, waliona miti tu.

Hatusemi kwamba kivuli kinajaza sufuria. Wala hakitoshi kwa mtu anayeota mabaya kila usiku au asiyelala kabisa. Huyo aende zahanati azungumze na washauri, si aibu. Lakini tangu siku ile tunaanza somo la hesabu chini ya mwembe, na ugomvi umepungua. Makelele yetu walimu pia yamepungua, waulizeni watoto.

Ombi letu ni dogo. Matawi ya mwembe ule yanakatwa usiku kwa kuni. Tunajua shida ya kuni, hata sisi tunapika. Tafadhali, tuuache huo mmoja. Na darasa la sita linaotesha miche ya mipapai na miembe kwenye makopo. Familia itakayotaka mche ije shuleni, iupande mlangoni, iumwagilie maji ya kuoshea mboga.

Na wewe mama, asante. Wewe ndiwe uliyetufundisha.

Walimu wenu wa kujitolea