Kura za Masaka, Kura za Kolwezi

Jumapili mjini Kolwezi, nchini Kongo, vumbi jekundu la kiangazi limetanda, na kwaya za Wakatoliki, Wamethodisti na Wakimbangu zinapokezana. Dini imejaa hapa, lakini siasa za Katanga hazikujengwa juu yake. Nilishangaa, maana nilikuwa nimetoka Masaka.

Kule Buganda, ufalme wa Uganda ulio na Masaka, Wakatoliki walikuwa wengi huku vyeo vikubwa vya Mengo, makao ya ufalme huo, vikishikwa na Waprotestanti. Mwaka 1954 Wakatoliki wakaanzisha chama cha Democratic Party, ambayo wapinzani waliiita “Dini ya Papa.” Benedicto Kiwanuka akaifikisha kwenye ushindi wa 1961.

Huku kwenye shaba ya Katanga, Wabelgiji waliotawala Kongo hawakuruhusu vyama vya siasa. Serikali, kampuni ya Union Minière na misheni vilishikana mikono. Aliyefanya kazi mgodini alilala kwenye nyumba ya kampuni, na wanawe wakasomeshwa na mapadri. Aliyetaka kupinga angepitia wapi? Akapitia Kitawala, mahubiri yaliyovuka mpaka kutoka Rhodesia Kaskazini miaka ya 1920, yakisema mweusi na mzungu ni sawa na utawala wa mzungu utakwisha. Serikali iliyaogopa kama chama, ikayapiga marufuku. Kasaji, kwenye reli ya Dilolo, palikuwa na kambi ya waliohamishwa kwa nguvu. Simon Kimbangu, nabii wa Wakimbangu, naye alifia gerezani Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1951, baada ya miaka 30 ya kifungo.

Basi vyama viliporuhusiwa, imani ya upinzani ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Chama cha Conakat cha 1958 hakikuuliza mtu anasali wapi. Viongozi wake, Tshombe Mmethodisti na Munongo Mkatoliki, walikaa humo pamoja. Swali lao lilikuwa: asili yako wapi? Lilimlenga Mkasai, mtu wa asili ya Kasai, ambaye baba yake aliletwa na kampuni kuchimba shaba. Swali hilo likarudi 1992 na 1993: Wakasai wakafukuzwa Kolwezi na Likasi, familia nzima zikalala stesheni zikingoja treni. Wakatoliki walifukuzwa na Wakatoliki wenzao.

Siupendi ubaguzi wa kidini wa Masaka, ila chama kile cha Wakatoliki kilidai haki ya vyeo, na Kiwanuka alitafuta kura hata nje ya Buganda. Mkasai aliyezaliwa Kolwezi hana dai la namna hiyo la kupeleka kwenye sanduku la kura, kwa kuwa anaambiwa si wa hapa. Wanaoomba kura Lualaba, mkoa wa Kolwezi, leo waache kuuliza asili ya mtu.