Asaimenti ya mtaala na swali la fundi wa Msangamkuu

Nimekuwa kimya wiki mbili mpaka wengine wameanza kunong'ona kwamba nimedisko. Sijadisko jamani! Ni asaimenti moja tu ilitushika koo, na leo nawasimulia, maana imenifundisha kuliko mihadhara yote ya muhula huu.

Mhadhiri wetu wa somo la mitaala alitugawa watano watano, akasema kila kundi lichague kazi moja inayofanyika hapa Mtwara, lipange kozi ya ufundi stadi ya miezi 6. Sisi tukachagua kuunda na kukarabati mashua. Basi bwana, tukajiona wajanja. Usiku huohuo tukapata desa la kozi ya ufundi magari, kila penye "gari" tukaweka "mashua". Tukaongeza wiki 3 za nadharia darasani. Sifa ya kujiunga: awe amemaliza kidato cha nne. Saa saba usiku kazi imekwisha, tukalala.

Ikarudi na maneno mawili ya wino mwekundu: "Mmemuuliza nani?"

Kumbe kupanga kozi ya ufundi hakuanzii kwenye orodha ya mada. Kunaanzia kwa mtu anayeifanya kazi yenyewe. Iko njia inaitwa DACUM, ilianza Canada miaka ya 1960. Unakusanya mafundi wazoefu, kati ya 5 na 12, mnakaa nao siku kama mbili. Wanataja kila wanachofanya kazini, unaandika kwenye kadi, kadi moja jambo moja, na kila kadi inaanza na kitenzi: pima, chonga, ziba. Kadi zinabandikwa ukutani, mafundi wanabishana na kuzipanga. Kutoka hapo ndipo unapata nini kifundishwe, kwa vifaa gani, na utajuaje kwamba mwanafunzi ameiva. Wanaita mafunzo yanayozingatia umahiri. Yaani huulizi amekaa darasani saa ngapi, unauliza anaweza kufanya nini.

Jumamosi tukavuka na kivuko kwenda Msangamkuu. Tulipata mafundi watatu tu, na ukuta ulikuwa ubavu wa dau lililopinduliwa mchangani. Mkubwa wao ni mzee wa makamo, nisimtaje jina. Tukamwamkia, akaitikia, "Marahaba wajomba, mmekuja kununua chombo?" Tulipomweleza akacheka sana.

Kadi ya kwanza tuliyotegemea ni usalama kazini. Yeye akasema andika: chagua mti. Ya pili: elewana bei na mwenye chombo. He! Bei? Kwenye mtaala wetu wa kurasa 14 neno bei halimo. Akasema vijana wengi wanajua kushika tezo, wanakufa njaa kwa sababu ya kutojua kupatana. Zikafuata kadi za mkuku, mataruma, mbao, kisha kalafati. Hapo wakabishana nusu saa, kwamba mwanafunzi aanze kwa kuunda chombo kipya au kwa kuziba kinachovuja. Wakakubaliana: kuziba kwanza, maana vyombo vibovu ni vingi na ndivyo vinavyolipa kila siku.

Tukamwonyesha ratiba yetu, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 mpaka saa 9. Akauliza, "Bahari inaijua Jumatatu?" Chombo kikubwa kinapandishwa pwani maji ya bamvua yakijaa, na bamvua huja kila baada ya wiki mbili hivi, haingoji kengele. Halafu Oktoba na Novemba nusu ya vijana wako kwenye mikorosho. Kozi ikianza Oktoba utafundisha viti.

Lakini lililonichoma ni sifa za kujiunga. Mzee aliishia darasa la saba. Kwa karatasi yetu, yeye fundi wa miaka mingi asingeruhusiwa hata kukaa dawati la nyuma. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi wa mtaani anapimwa kwa anachoweza na kupewa cheti. Sisi wasomi tulimfungia mlango bila hata kufikiri.

Tunaaga, akauliza, "Mkishamfundisha, mtampeleka wapi?" Nikanyamaza. Nilimkumbuka binamu yangu.

Mji wetu huu unajua habari ya kuandaliwa kwa kazi isiyodumu. Bandari yetu na reli ya Nachingwea vililetwa na mradi wa karanga ulioanza 1947. Kufika 1951 mradi umekufa, na reli baadaye ikang'olewa. Ikaja gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay 1982, lakini joto lilipanda miaka ya 2012 na 2013, mpaka vurugu zikatokea kupinga bomba. Vijana wakakimbilia kozi za gesi. Binamu alisomea uchomeleaji kwenye chuo kimoja, akafaulu vizuri. Bomba likakamilika 2015. Kulijenga kunataka watu wengi, kulilinda kunataka wachache. Leo anaendesha bodaboda Chikongola, cheti kiko chini ya godoro. Hakufeli yeye. Aliyepanga kozi ndiye hakuhesabu kazi zitakuwa ngapi na kwa muda gani.

Kwa hiyo tumeandika upya. Sifa: ajue kusoma, kuandika na kupima, na asiyejua afundishwe hapohapo. Kozi inaanza Januari, vipindi vya pwani vinafuata maji. Kuziba kabla ya kuunda. Wiki 2 nzima za bei, hesabu na mkataba. Na ukurasa wa kwanza tumeorodhesha vyombo tulivyohesabu wenyewe Msangamkuu vinavyohitaji ukarabati: 23. Hilo ndilo jibu letu kwa mzee, japo dogo.

Tumekusanya jana. Tukipata sapu nitawaambia humuhumu. Nyie mnaosoma, kwenu kuna kazi gani ya mikono isiyo na kozi? Mimi narudi kupiga msuli, na bumu halijatoka bado, kwa hiyo msiniombe vocha.