Somo Yangu Hakufika Kagera

Kila inapofika tarehe 25 Julai, siku ambayo taifa letu huwakumbuka mashujaa wake, hukaa mbele ya televisheni nikaangalia taratibu ambazo sasa nimezihifadhi: tarumbeta inalia, umati unasimama kimya, Rais anaweka mkuki na ngao mnarani, kisha wengine wanafuata kwa zamu zao. Huangalia kwa heshima, wala sisemi haya kwa kejeli. Lakini kila mwaka, tarumbeta inapokoma, hujiuliza swali lile lile: je, ami yangu yumo?

Ami yangu alikuwa mdogo wake baba, kijana wa Wingwi, kaskazini mwa Pemba. Alikufa mwishoni mwa mwaka 1978, wakati wa vita vya Kagera, akiwa katika mafunzo ya kijeshi huko Bara. Hakuwahi kuuona mto Kagera, wala hakumwona askari hata mmoja wa Idi Amin. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, nikapewa jina lake. Kwa desturi yetu, basi, yeye ni somo yangu. Zaidi ya miaka arubaini nimeitwa kwa jina la mtu nisiyepata kumwona, na sijapata kuiona karatasi yoyote ya umma inayomtaja.

Wanafunzi wangu wengi wamezaliwa miaka mingi baada ya vita vile, kwa hiyo nikumbushe kwa ufupi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaliteka eneo letu lililo kaskazini ya mto Kagera. Raia waliuawa, mifugo ikaporwa, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, akaeleza kwamba sababu ya kumpiga mvamizi ipo, nia ipo na uwezo upo. Hotuba ile ilisikika hadi Wingwi, kwa redio ya betri iliyowekwa barazani, na wazee waliokuwapo walikuwa wakinisimulia namna watu walivyonyamaza.

Uwezo huo ulikuwa watu. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilipanuka katika muda wa wiki chache hata likapindukia 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni vita vikawa vimekwisha.

Nawaomba wasomaji waitazame tena hesabu hiyo. Wakulima, wavuvi na vijana waliotoka skuli juzi, zaidi ya laki moja, waliingizwa makambini kwa muda mfupi. Walilala pamoja, walikunywa maji ya kisima kimoja, walikimbia na kutambaa chini ya mvua za vuli. Penye mkusanyiko wa namna hiyo maradhi na ajali hazikosekani. Hesabu inayonukuliwa mara nyingi katika maandishi juu ya vita vile ni kwamba askari wa Tanzania 373 walipoteza maisha, na kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Wengi wa wafu wetu, basi, hawakuuawa na risasi ya adui.

Kwa nini kijana wa Wingwi alikwenda? Wingwi ni ardhi ya mawe. Watu wake huishi kwa mihogo, mtama na bahari. Si siri pia kwamba Pemba ya miaka ile haikuwa na mapenzi makubwa na dola, maana njaa na vitisho vya miaka ya baada ya Mapinduzi vilikuwa bado havijasahaulika. Bibi yangu alimuuliza, "Vita vya watu wa mbali vinakuhusu nini, mwanangu?" Naye akamjibu, "Mama, jirani akivunjiwa mlango, kwanza unatoka, maneno baadaye." Alikuwa na mke wa ndoa ya miezi saba. Alimwachia kibuyu cha asali na ahadi ya kurudi kabla ya mavuno.

Habari ya kifo chake ilifika kwa mdomo mwishoni mwa Januari. Mtu aliyetumwa alisema maneno machache: amefariki mafunzoni, amekwisha zikwa. Hakuleta tarehe, hakuleta jina la mahali, hakuleta hata nguo. Jioni ile watu wa mtaa walikusanyika wakamsalia sala ya ghaibu.

Hapo ndipo tarehe ilipogeuka kuwa jambo zito. Mke aliyefiliwa hukaa eda miezi minne na siku kumi, na eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa. Siku gani? Hakuna aliyeijua. Maalim wa kijiji akashika njia ya hadhari: mwanamke yule aanze kuhesabu tangu siku habari ilipofika. Akakaa ndani, akatoka mwanzoni mwa Juni, siku zile zile redio ilipokuwa ikitangaza kumalizika kwa vita.

Baada ya mwaka hivi alitujia mwenziwe ami, kijana wa kijiji cha jirani waliyeondoka pamoja. Yeye alifika Uganda na akarudi. Ndiye aliyesema kwamba marehemu aliugua tumbo siku tatu, akafa alfajiri, katikati ya Desemba. Mwanajeshi mmoja kutoka Tanga aliyejua mambo ya maiti ndiye aliyemuosha, wakamkafini kwa shuka zao wenyewe, wakamzika karibu na mti mkubwa nje ya kambi. Siku mbili baadaye kikosi kilihamishwa. Alilia alipotamka kwamba asingeweza kulitambua kaburi lile tena.

Bibi alishukuru kusikia kwamba mwanawe alioshwa na kusaliwa. Mke wa marehemu alihesabu kwa vidole, akanyamaza. Alikuwa amekaa eda zaidi ya mwezi mmoja asiodaiwa, kwa sababu mahali fulani mtu hakuandika tarehe.

Nakumbuka jambo moja la utotoni. Katika hitma moja kijana fulani alisema kwa sauti ya chini kwamba ami hakufa shujaa, kwa kuwa "tumbo si risasi." Maalim alimsikia. Alimkumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahesabu kuwa mashahidi aliyekufa kwa maradhi ya tumbo, aliyezama majini na aliyeangukiwa na ukuta. Kisha akasema, "Sisi tunaangalia alikwenda kwa nia gani. Alipoangukia si kazi yetu kupima." Bibi aliyabeba maneno yale hadi siku yake ya mwisho.

Nilipopata shahada ya uzamivu nilijiona sasa ninajua njia ya kuuliza. Nilikwenda katika afisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Karani alinipokea kwa adabu, akatoa daftari kubwa.

"Alifia mapambano gani?" aliniuliza.

"Hakufia mapambanoni. Alifia mafunzoni, wakati wa vita."

Akalifunga daftari taratibu. "Basi huyo, ndugu yangu, humu hatumpati."

Simlaumu karani yule. Alikuwa na daftari alilopewa. Swali langu ni kwa wanaoamua daftari liwe na safu zipi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola huwahesabu wote waliokufa wakiwa katika utumishi ndani ya muda uliowekwa, awe mtu ameuawa kwa bunduki, kwa homa au kwa ajali. Tume hiyo hiyo ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapagazi wa Afrika Mashariki wakiwamo, hawakuandikwa majina. Kikosi chao kimebaki katika jina la Kariakoo ya Dar es Salaam. Wao wenyewe hawajulikani. Tukiwalaumu wakoloni kwa hilo, na ni haki yetu, hatuwezi kuwafanyia wenzetu mfano wake.

Kule Kaboya, Muleba, yapo makaburi ya mashujaa wa Kagera, na ni vyema yapo. Ninaloliomba halipunguzi heshima ya waliolala pale. Ulinzi ni jambo la Muungano, na kijana wa Wingwi aliuitikia wito wa Muungano. Iandaliwe orodha moja ya wote waliokufa wakiwa katika utumishi wa vita vile, wakiwemo waliofia makambini na njiani. Iwe na mambo matatu tu: jina, tarehe na mahali alipozikwa. Iwe wazi kwa jamaa zao. Watumishi wa umma wanaosoma haya wanajua kwamba kazi hiyo haihitaji mnara wala sherehe. Inahitaji mafaili kufunguliwa, na wazee waliobaki waulizwe kabla hawajatutoka.

Wanafunzi wangu nao nawapa kazi. Mkienda likizo, waulizeni wazee wenu nani aliondoka mwaka 1978 na hakurudi. Andikeni jina, andikeni tarehe kama inajulikana, na mahali.

Bibi yangu alifariki bila kujua pa kumzuru mwanawe. Mke wa ami aliolewa tena, akazaa, na sasa ni bibi wa wajukuu. Kila nikifika Wingwi huenda kumwamkia. Huniitikia, kisha hunitaja kwa jina langu polepole, na mimi hujua kwamba hanitaji mimi peke yangu.

Mwenyezi Mungu amrehemu somo yangu, na wote waliokwenda wakaishia njiani.